Lenzi ya Jicho la Baba

Mwenye bucha wa Mogogosiek alinifungia macho mawili ya ng'ombe kwenye gazeti, akaniangalia kama mtu anayejiuliza amwite nani. Mwanamke mzima, mwalimu wa bayolojia, anaomba macho! Sikujali. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikifundisha sekondari, na nyumbani baba alikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilishakuwa jeupe. La kulia lilikuwa linafuata.

Chai bado alichuma. Vidole vyake vilijua majani mawili na chipukizi bila kuuliza macho. Lakini siku aliyomkemea ndama akidhani ni mimi, nikasema basi. Hospitali ya misheni walikuwa wamesema apasuliwe tu. Yeye alishikilia kwamba ni moshi wa jikoni umeingia ndani, na asali itauosha. Kila jioni anatia asali machoni. Mimi subira sina, kila mtu atakwambia, nikamwambia asali ni ya kula.

Basi nikampeleka mezani karibu na dirisha, mahali ambapo jicho la kulia liliona kiasi. Nikapasua jicho la ng'ombe kwa wembe, ikatoka lenzi, ya mviringo na laini, safi kabisa. Nikaiweka juu ya gazeti, herufi zikanenepa chini yake. Baba akainama hadi pua ikagusa karatasi.

Nikamweleza kwamba ndani si maji, ni protini, zinaitwa kristalini, tena zimejaa kushinda zile za nyama. Swali moja lilikuwa likininyima raha tangu chuoni, mbona basi mwanga unapita. Maziwa ni mepesi, na huoni upande wa pili. Lenzi imesongamana, na mwanga unapita bila hodi. Kumbe siri ni mpangilio, kila protini inakaa vizuri na mwenzake, na zingine kazi yao ni kuwashika waliochoka wasije wakaangukiana. Siku wakiangukiana, mwanga unakwama.

Kisha nikatumbukiza lenzi kwenye maji ya moto. Ikawa nyeupe kama yai lililoiva.

Baba akauliza ni nani aliyepika ya kwake. Nikamwambia ni jua na miaka. Akauliza kama inaweza kurudi mbichi, nikamuuliza kama amewahi kuona yai likirudi. Akacheka, akasukuma chupa ya asali kando. Nilikuwa nimeshinda.

Lakini kujua kitu ni kutamu, na mdomo wangu haujui kufunga. Nikamwongezea lile lililonishangaza kuliko yote. Ngozi hubadilika, damu hubadilika, lakini protini za katikati ya lenzi hazibadilishwi kamwe. Zile alizokuwa akizitumia kuona alitengenezewa tumboni mwa mama yake.

Akaweka kikombe chini. Mama yake alifariki wiki aliyomzaa. Alilelewa na shangazi, na hakuachiwa picha wala blanketi.

"Yaani niko na kitu chake," akasema polepole, "na wewe unataka kitupwe."

Nikajaribu kumweleza kwamba mwili wote ulitoka kwa mama. Akanijibu kwamba ni mimi niliyesema sehemu hizo zingine zimeshabadilishwa. Amenishika na somo langu mwenyewe! Siku za kliniki zikapita, moja baada ya nyingine, na jicho la kulia likaendelea kuwa jeupe. Nilikasirika, nikamnunia, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona atazeeka gizani, na sababu ni ulimi wangu.

Kwetu mtoto akizaliwa, akina nyanya humwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, na jina analolipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Mimi, wanasema, nilipiga chafya kwa jina la mama yake baba. Ndiyo maana aliniita mama maisha yangu yote, na hakuwa anabembeleza mtoto, alimaanisha. Mimi nilikuwa nikiwacheka. Ugoro wa nyanya ukiwekwa puani, nani asipige chafya?

Alasiri moja tulikuwa tukichuma mistari inayofuatana. Nikamwona anavuta matawi magumu, anayararua, vidole navyo vimeanza kukosa. Nikaweka kikapu chini, nikamkaribia, na nikazungumza kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Mwanangu, kile nilichokupa kimechoka. Nirudishie."

Mikono yake ikasimama juu ya chai. Hakugeuka.

"Sawa, mama," akasema.

Daktari alishangaa tulipomwomba asitupe alichotoa, lakini alikubali. Kesho ya upasuaji alipofungua bendeji, baba alikaa akitazama dirisha, halafu akapewa kichupa cha dawa chenye lenzi yake ndani, kipunje cha rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, maana kiini cha lenzi kikizeeka huwa kahawia. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, mwanga haukupita. Nilidhani atakitia mfukoni. Akanitazama mimi, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, bila haraka. Kisha akaninyooshea kichupa kwa mikono miwili, vile mtu humpa mkubwa wake kitu.

"Asante, mama. Ilinifanyia kazi."

Na mimi, mwalimu wa bayolojia, nikakipokea kwa mikono miwili huku nikilia, nikamshukuru mwanangu kwa kuitunza.