Skrubu Moja Haikupata Rangi Yangu

Mnaikumbuka ile picha yetu ya kiwandani mliyoijazia makopa ya upendo humu mtandaoni? Ndiyo iliyomfukuzisha kazi mume wangu leo.

Mathayo wangu ni fundi umeme kwenye kiwanda cha alizeti huku Zuzu. Kila skrubu anayoikaza kwenye paneli huipaka alama nyekundu, ajue imekazwa. Tangu tufunge ndoa anatumia rangi yangu ya kucha, ile ya siku ya harusi. Jamani, nani mwingine anapendwa hivi?

Leo nimempelekea chakula, nikakuta mashine zimezimika na paneli iko wazi, inanuka plastiki iliyoungua.

Kile kipande kinachopokea umeme wa waya mkubwa na kuugawa kwenye nyaya ndogo kilikuwa kimeyeyuka upande mmoja.

Msimamizi akamulika tochi.

"Zote zina rangi. Hii moja mbona haina?"

"Sikuikaza, mzee. Waya umelegea, ukapata moto."

"Ulikuwa wapi?"

Mathayo akainamia vifaa vyake. Hakunitazama hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua.

Siku ile nilimwita akiwa katikati ya kukaza. "Njoo mara moja tu, mume wangu, tupige picha."

"Kabidhi vifaa, Mathayo," mzee akasema. "Shemeji, pole."

Tumerudi kwa miguu. Hajanilaumu. Kanirudishia kichupa changu tu: "Paka kucha zako, mke wangu."

Ikuzeni ile picha. Nyuma ya bega lake skrubu inaonekana kabisa, haina rangi.

Na yeye anacheka, jamani. Sijawahi kumwona akicheka vile.

Niifute?