Mama Mkwe Alipokuwa Bara

Mkwe wetu tunamwita Tope, na jina hilo nililitoa mimi, asije mtu akalidandia.

Siku aliyokuja kujitambulisha, dada yangu alikuwa kanuna tangu asubuhi. Binti yake wa pekee anataka kuolewa, na kazi ya huyo muoaji haieleweki. Dada alitaka daktari, fundi, hata kinyozi, ilimradi kazi ionekane. Aliniapia kwamba jibu likiwa la hovyo, posa inaishia mlangoni.

Basi akamuuliza. Kijana akasema anachunguza tope la chini ya bahari linavyojikunja pale vipande viwili vya ganda la dunia vinaposogeleana, kimoja kikazama chini ya kingine. Ofisini wana sanduku la kioo, humo wanasukuma mchanga. Mimi nikaangalia dari, maana ningemtazama dada ningecheka.

"Kwa hiyo unachezea mchanga," dada akasema.

Kijana wa watu jasho likamtoka. Akaomba radhi, akaomba shuka, akaomba unga. Kufumba na kufumbua keshatandika shuka sakafuni, kamwaga unga, juu yake kahawa, juu yake unga tena. Kahawa yenyewe nilinunua mimi, jamani. Kisha akampa dada sinia alisimamishe kwa ukingo juu ya shuka.

"Mama, wewe ndiye bara, na shuka ni sakafu ya bahari. Usitikisike."

Akaenda nyuma yake, akaanza kulivuta shuka polepole chini ya sinia. Shuka likapita, unga ukakwama. Ukavimba, ukajikunja, ukakatika, kipande kikapanda mgongoni mwa mwenzake, na mbele yake mkunjo mwingine ukainuka. Ndivyo tope linavyokwanguliwa huko baharini, akasema, mpaka linakuwa milima. Dada akainama aone vizuri, akapiga chafya, mlima ukaporomoka. Na yeye, mtu mzima na heshima zake, akaamuru waanze upya. Mara ya tatu alikuwa anamkemea Tope kwa kuvuta haraka.

Mimi mbavu sina. Lakini binti alisimama pembeni anauma kucha, hajui kakubaliwa au kakataliwa, na nilimwonea huruma kweli.

Ndipo jirani akachungulia mlangoni, akauliza yule mwanamume anayetambaa sakafuni ni nani.

Dada hakuinua hata kichwa, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Mkwe wangu," akasema. "Yuko kazini, usimsumbue."