Kompyuta Iliyofungiwa na Majembe

Mimi nimeishia darasa la nne, na hilo nalisema kabla mtu hajaniuliza. Kusoma najua, kuandika najua, na mjukuu wangu nimemlea mwenyewe katika nyumba hii hii, Shinyanga vijijini, tangu mama yake alipokwenda kuwapikia wachimbaji wa dhahabu Geita akabaki huko. Mtoto huyo leo anatengeneza tovuti. Tovuti, kwa ninavyoielewa mimi, ni kibao cha dukani ambacho mtu aliyelala kitandani kwake Dar es Salaam anakisoma kwenye simu. Mjukuu wangu ndiye anayekiandika, anayekipaka rangi, na anayekitengeneza kikiharibika.

Alisoma chuo mjini, kisha akapanga chumba Nyahanga, pale Kahama. Siku ya kwanza kumtembelea nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameinamia kompyuta, mgongo umepinda kama wa mtu anayepalilia pamba. Hakunisikia hata nilipobwaga mlangoni mfuko wa michembe, viazi vyetu vya kukausha. Nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu analima.

Nyumbani walinicheka. Jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye mdomo kuliko wote, aliniuliza kisimani mbele ya watu, akiniita mayu, yaani mama kwa lugha yetu, "Mayu, mjukuu wako nimemwona, mikono laini kama ya mtoto mchanga. Kazi gani hiyo ya kukaa?"

"Kompyuta ndiyo jembe lake," nikamjibu. "Wewe la kwako limekupa nini, zaidi ya kiuno kuuma?"

Walicheka, naye alicheka. Tangu siku hiyo nililisema neno hilo kila mahali. Kwenye vikao vya nzengo, yaani sisi majirani wa kitongoji kimoja tunaozikana na kusaidiana, nililisema. Kanisani nililisema. Sikuona aibu. Wengine wana ng'ombe wa kujivunia, mimi nina yeye.

Lakini jembe la chuma ukishalijua umelijua. Lake halikukaa hivyo. Alipoanza, kila ukurasa aliuandika kwa mkono, herufi kwa herufi, na alikuwa fundi. Haukupita muda wakaja wenye vitu vilivyotengenezwa tayari, unachagua na kupanga tu, na wanaoandika kwa mkono wakaonekana wanachelewesha watu. Akajifunza hivyo vya tayari. Alipovizoea, wateja wakubwa wakasema vya tayari ni vya maduka ya soda, wao wanataka frimuweki. Nikamuuliza frimuweki ni nini. Akasema ni mbao za nyumba ambazo watu wengine wamekwisha kuzipigilia, wewe unakuja na kuta zako. Akajifunza moja. Matangazo ya kazi yakataka nyingine. Akajifunza na hiyo, wenyewe walioitengeneza wakaigeuza, na alichokiandika mwaka uliotangulia kikagoma kufunguka.

Alikonda. Shavu liliingia ndani.

Mteja aliyemweka mjini alikuwa wakala wa malori pale Isaka, mtu wa mizigo inayokwenda nchi jirani za magharibi. Tovuti ya wakala huyo mjukuu wangu aliijenga tangu msingi, akaitunza, akaamka nayo. Siku moja aliitwa ofisini. Alinisimulia mwenyewe, amekaa kwenye kigoda changu jikoni, anachambua mchicha bila kuutazama.

"Aliniambia, 'Dada, keti. Mpwa wangu ameielekeza hii akili mnemba kwa mdomo tu, ikatengeneza tovuti yote kabla chai yangu haijapoa.' Nikamuuliza, na ikiharibika? Akasema, 'Ataielekeza tena.'"

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilimuaga, Bibi. Ningesema nini? Niliiona. Ilikuwa nzuri."

Hapo ndipo niliogopa. Mtu akinyang'anywa kazi akatukana, huyo bado mzima. Yeye hakutukana. Alisema tu, "Kazi haijanichosha. Kuanza upya ndiko kumenichosha," akaendelea na mchicha.

Hata hivyo alianza tena. Mwezi baada ya mwezi alijifunza frimuweki mpya iliyokuwa ikitakiwa, akishindia uji, mpaka kampuni moja ya Mwanza ikamjibu. Haikumpa kazi, ilimpa jaribio: tengeneza tovuti hii kwa frimuweki hii, uitume kabla ya Ijumaa kwisha. Atakayeileta imekamilika anachukuliwa. Mshahara wa kila mwezi, kufundishwa kila kinapobadilika kitu, kukaa na wenzake wanaofanya kazi hiyo hiyo. Aliniambia kwenye simu kwa sauti ambayo sikuisikia tangu apate cheti. "Bibi, nikipata hii, sitakuwa tena peke yangu na haya mambo."

Jumatano asubuhi shemeji yangu alifariki. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, boma lake limepakana na langu, na mjukuu wangu alimwita babu, kwa sababu ndiye aliyembeba mabegani kumpeleka darasa la kwanza.

Lazima nieleze hapa, kwa wasiotujua. Kwetu mtu akifa, jembe haliingii ardhini. Si kwa wafiwa peke yao, nzengo nzima. Tunakaa, tunachimba kaburi, tunapika, tunalia, na hakuna kulima mpaka matanga yaishe. Na msiba huo uliangukia mvua za kwanza. Wiki nzima watu walikuwa wametazama mawingu kwa kiu, mvua ikashuka, udongo ukalainika, mbegu ziko tayari kwenye vibuyu, na kila mtu akaweka jembe chini. Hakuna aliyenung'unika. Ukivunja, siku yako ya kufa utalala ndani mpaka unuke, hakuna wa kukuchimbia.

Mjukuu wangu alifika kwa bodaboda, amelowa, kompyuta ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alilia vizuri, alipika, alichota maji. Alhamisi tukazika. Ijumaa asubuhi alitoweka. Kile kichuguu kilicho nyuma ya zizi ndicho mahali pekee mtandao unaposhika, nami nilijua yuko huko. Nilinyamaza. Yule mwenye mdomo hakunyamaza.

Waliletwa wote wawili, mjukuu wangu na kompyuta yake, mbele ya wazee waliokaa karibu na moto wa matanga. Kiongozi wa nzengo ni mtu wa haki, siwezi kumsingizia. Shamba lake mwenyewe lilikuwa linaliwa na magugu.

"Shikamoo babu," mjukuu wangu akasema, amepiga magoti.

"Marahaba, mke wangu." Alimtania kama babu na mjukuu wanavyotaniana, lakini uso haukucheka. "Unafanya nini kule juu? Unatafuta bwana mwingine?"

Watu wakaguna kwa kicheko kidogo.

"Kuna kitu natuma Mwanza, babu. Kinatakiwa leo."

"Kitu gani?"

Aliivuta kompyuta karibu na magoti yake. Mzee mwingine, kaka wa marehemu kwa baba mkubwa, akauliza, "Hii nayo tunaihesabu? Jembe ni chuma na mpini. Hii ni kama redio."

"Redio hailipi mshahara," yule mwanamke akasema. "Na huyu bibi yake ndiye aliyetuambia. Kisimani, kanisani, kila mahali. Kompyuta ndiyo jembe lake. Au nasema uongo, mayu?"

Macho yote yakanigeukia. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wajane.

Kiongozi akanitazama kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Mayu, sisi si watu wa kuonea watoto. Tuambie tu kwamba ni mchezo. Vijana wanacheza na simu hapa, hatuwakatazi. Sema ni mchezo, binti arudi kwenye kichuguu chake."

Neno moja tu. Mimi ninayesema kila kitu, ulimi ulikwama. Kusema kwamba kazi ya mtoto yule ni mchezo, mbele ya watu wale, mgongo ule niliouona Nyahanga ni mchezo, kukonda kule ni mchezo! Nilikuwa bado nimeachama nilipomsikia yeye.

"Ni kazi," alisema. Alikuwa bado kwenye magoti. "Si mchezo, babu. Ni kazi yangu."

Kisha kiongozi akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa heshima asiyoitaka. "Haya. Basi umetuelewa."

Waliichukua bila ubaya. Waliifuta matope kwa kanga, wakaiingiza katika chumba cha marehemu pembeni mwa majembe ya boma lote, wakafunga mlango. Jioni mjukuu wangu alisonga ugali wa watu wote wa matanga. Alisonga kwa nguvu hadi mwiko ukapasuka. Kuna mtu alimsifu.

Matanga yaliisha Jumapili. Watu walikimbilia mashamba kama waliofunguliwa kamba. Yeye alipanda kichuguu na kutuma kazi yake, na maelezo ya msiba akaandika. Jibu lilikuja haraka, tena la adabu. Walimpa pole ya kufiwa. Nafasi ilikuwa imejazwa.

Nilimwambia, "Ungesema ni mchezo, mwanangu."

"Na wewe ungesema, Bibi."

Hatukulirudia. Majirani walinisifu wiki ile kuliko maisha yangu yote: mtoto wako ana adabu, mtoto wako anajua kwao. Niliitikia. Nilikuwa na fahari, sitaficha, fahari ya kweli, ikinikaa kifuani kama kitu nilichokimeza bila kutafuna.

Sasa yuko Geita, Kalangalala, karibu na mama yake. Amekodi meza kwenye duka la kutoa fotokopi. Anawachapia watu barua za maombi ya kazi, anawafungulia vijana akaunti, anarekebisha picha za pasipoti. Kompyuta ni ile ile. Zamani nilikuwa nikimuuliza anajifunza nini, ananieleza mpaka salio linakwisha, nami naitikia ndiyo, ndiyo, bila kuelewa hata nusu. Nikimuuliza siku hizi anasema, "Nipo tu, Bibi. Huko hamjambo?"

Juzi alipiga mwenyewe. Aliuliza kama kaburi la babu yake limetitia kwa mvua hizi. Nikamwambia limetitia upande wa kichwani, vijana wataongeza udongo. Nikasikia mashine ya fotokopi inapiga nyuma yake. Kisha akasema kuna mteja, akakata.