Mtihani Uliochapiwa Kufuli

Mtaa mzima ulimwita Mama Chapa. Alijifunza kazi ya kuchapa enzi za taipureta, kwa mwalimu aliyewafunika mikono kwa kitambaa ili wasitazame vitufe. Tangu hapo macho yake yalikaa kwenye karatasi ya mteja tu, vidole vikijiendea vyenyewe. Wateja wengi wa kibanda chake walikwisha kuhamia duka jipya la kuchapa ng'ambo ya barabara. Aliyebaki wa uhakika ni shule ya jirani, iliyomletea mitihani kila muhula. Shule ikiondoka, kibanda kimefungwa.

Kompyuta yake ilipozidi kuganda, shemeji yake, fundi simu, aliifuta yote akaweka mfumo huria wa kuiendesha.

"Huu hauna mwenyewe, shemeji. Yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kumgawia mwenzake."

"Kitu kisicho na mwenyewe kikinishinda, nimlilie nani?"

"Unililie mimi."

Akampa nywila, neno la siri la kuifungulia, akasafiri. Simu yake haikupatikana tena.

Asubuhi iliyofuata mwalimu wa taaluma wa shule ile alileta mtihani wa historia. "Nitaufuata mchana, mama. Watoto wanaufanya kesho. Usituangushe."

Mama Chapa alihangaika kutafuta pa kuandikia. Picha ndogo za kubonyeza alizozizoea hazikuwapo. Alibonyeza hiki, kikafunguka kile. Hatimaye ukurasa mweupe ukatokea, akachapa kichwa cha mtihani. Kisha akainamia mwandiko wa mwalimu, ambao ungedhani kuku kaparua. Alikaa nao muda mrefu, akikisia neno hili na lile, mpaka akauelewa wote. Ndipo vidole vikaanza kukimbia.

Alikuwa kwenye swali la mwisho fundi cherehani wa jirani alipochungulia. "Mwenzangu, mbona unachapa na kioo cheusi?"

Mama Chapa akainua macho. Wakati anasoma, kompyuta ilikuwa imejifunga. Katikati ya weusi palikuwa na kisanduku kidogo kinachodai nywila, kimejaa vinukta kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Yaani mtihani wote nimeuchapia kufuli?"

"Vinukta vimepangika vizuri, lakini," fundi cherehani akacheka.

Mama Chapa aliingiza nywila. Ukurasa ulirudi na kichwa chake, chini yake hamna kitu. Akaanza upya, safari hii akitazama kioo kila baada ya neno kama anayevuka barabara, na vidole vikapoteza njia. Mwalimu alipofika, swali la kwanza lilikuwa halijaisha.

Mama Chapa akaeleza, mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho. "Pole, mama. Lakini mtihani hausubiri." Akakusanya karatasi zake, hata ile iliyokuwa chini ya kiganja cha Mama Chapa.

"Na muhula ujao, mwalimu?"

"Tutaona."

Wakamwona akivuka barabara, akaingia duka jipya.

"Atarudi tu," fundi cherehani alisema.

Mama Chapa alikuwa akilifuta swali la kwanza, herufi moja moja, maana katika mfumo ule hakujua njia nyingine.