Chachu ya Mama na Ile Iliyopanda Kichwani

Mama hakuwahi kukomba bakuli. Kila asubuhi alipomaliza kukaanga vitumbua pale uchochoroni kwetu Kariakoo, aliacha uji kidogo chini, akaulisha kijiko cha unga wa mchele na sukari, akaufunika kwa kawa. Hiyo ndiyo ilikuwa chachu ya kesho. Alipewa na mama yake, naye sijui alipewa na nani. Hamira ya pakiti aliidharau waziwazi.

"Inavimba upesi kama mwenye hasira, ukiionja haina neno."

Nikijaribu kulamba bakuli alinichapa mwiko mkononi. "Usikombe! Kesho nayo ina watu wake."

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Alijifunga kanga, akameza vidonge, akaendelea kukaanga. Mama alikuwa mbishi na ubishi huo kaniachia mimi, kwa hiyo tuligombana wiki nzima kuhusu hospitali. Alikubali siku ambayo mwanga ulimshinda na shingo ikakataa kuinama.

Walimtoa maji kwenye uti wa mgongo. Daktari, kijana mpole, alitutafutia lugha nyepesi mimi na mama mdogo. "Ni fangasi, wa jamii ya hamira, ila huyu analeta maradhi." Alisema hukaa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, na vumbi lake wengi tunalivuta bila kujua. Mapaa ya mtaani kwetu yamejaa njiwa. Mama alikuwa akiwatupia makombo.

Mama mdogo alisikia hamira tu. Jioni ile ile alirudi nyumbani, akaimwaga chachu mtaroni, akalisugua bakuli kwa mchanga na maji ya moto. Alidhani anaokoa roho ya dada yake. Nilipofika nilikuta bakuli limefudikizwa juu ya ndoo, linang'aa. Nilitaka kupiga kelele, lakini utamgombezaje mtu anayelia?

Kesho yake nikamvaa daktari: kinga ya mwili ilikuwa wapi muda wote huo? Akanieleza bila kukasirika. Kuna seli ambazo kazi yake ni kummeza fangasi huyo na kumsaga, na kwa mtu mwenye afya humweza. Ila mama alikuwa amemeza kwa miaka vidonge vikali vya magoti, vya kujinunulia dukani, na vidonge hivyo huilaza kinga. Tena fangasi mwenyewe amevaa koti nene linaloteleza, kumshika ni kazi. Hata akimezwa huweza asife. Hukaa humo humo ndani ya seli, akazaana, na mara nyingine seli yenyewe humvusha ukuta unaolinda ubongo.

"Yaani askari kamkamata mwizi, kampakia garini, halafu kamshusha chumbani kwetu?"

"Karibu hivyo, dada."

Nilizichukia zile seli kama ndugu walioniangusha. Siku hizi hasira imepoa. Zilimmeza fangasi zikidhani zinaokoa, na mimi mtu wa namna hiyo ninaye nyumbani, nampenda.

Jioni ya siku ile, wodini, mama aliuliza, macho kafumba, "Chachu imekula?"

Mama mdogo akaitikia, "Imekula, dada."

"Alhamdulillahi." Akalala. Dawa zilipita mshipani siku baada ya siku, nasi tukawa na matumaini, lakini hazikumuwahi, tukamzika.

Tangu hapo nimeloweka mchele, nimesaga, nimekamua nazi, nimesubiri. Uji unaumuka vizuri tu, lakini si wenyewe. Nimekula vitumbua vya watu mtaa kwa mtaa, mpaka mtaa wa Gerezani. Nina hamu na mama yangu, wala sioni haya kusema, mtu mzima mimi ninayenusa mabakuli ya watu.

Juzi ndipo nikamkumbuka mpangaji wetu wa zamani, mama mmoja wa Mtwara aliyehamia Magomeni kabla ya mama kuugua. Kwetu chachu hainyimwi. Mtu akihama hupewa kikombe chake, na yeye alipewa. Niliulizia nyumba kwa nyumba hadi nikamkuta barazani na chuma chake cha vitumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba! We mtoto, umekuwa hivi!" Akanitia kimoja mkononi, cha moto, kabla sijakaa.

Iliki ikatangulia. Kisha, mwisho kabisa, ukaja ule uchachu. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

"Mama yako hajambo?"

Hakuwa amesikia. Wala hakusubiri jibu, alishainama anachota uji kuutia kwenye kikombe.

"Mpelekee. Mwambie mwenzangu, chachu yake haijalala njaa hata siku moja."

"Nitamwambia," nikasema.

Nyumbani nilitoa lile bakuli, nikamimina, nikatia unga na sukari, nikafunika. Kisha nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Imekula, mama."