Ng'ombe wa Mama Cherono

Siku ile ya bodi ya ardhi bado naiona, mwanangu, hata nikifumba macho. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, gauni nililolishona mwenyewe kwa cherehani ambayo kufikia siku hiyo haikuwa yangu tena. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa tarafa, yule D.O., mimi na baba yako, tukingoja kuitwa. Mle ndani picha ya rais ilining'inia ukutani kama ilivyoning'inia kila mahali miaka ile, kuanzia duka la sukari hadi kwa kinyozi. Nilikuwa na furaha nyingi. Nilijua tukitoka pale tutakuwa watu wenye nyumba.

Wewe hukuwa umezaliwa. Dada yako Atieno ndiye alikuwa mgongoni. Tulikuwa tumetoka kule ziwani kuja kutafuta maisha Eldoret, baba yako akapata kazi kiwanda cha nguo, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Langas. Mimi nilikuwa nashona mlangoni. Chumba chenyewe ukinyoosha miguu kitandani, vidole vinagusa sufuria. Ndipo akatokea broka mmoja aliyeitwa Simiyu, mtu wa maneno matamu, akamwambia baba yako kuna nyumba nje ya mji, barabara ya Turbo. Nyumba ya mbao, mabati safi, na kipande cha shamba cha kutosha mahindi. Mwenyewe ni Mzee Kibet, anauza pembe hiyo ili ahamie shamba lingine alilopata mbali zaidi.

Baba yako akaja nyumbani uso ukimng'aa. Pesa ya kwanza, hiyo mnayoita dipositi, ilikuwa imepungua. Akaitazama cherehani. Kesho yake alirudi na mtu wa kuinunua akiwa nyuma yake, na mkokoteni uko nje.

"Utafurahi ukiona nyumba," akaniambia.

Nilimbeba Atieno nikaitazama cherehani yangu ikienda, kanyagio lake likigongagonga njia nzima. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani alinipa nafasi ya kutaja wahenga siku hiyo? Jioni pesa zikafika kwa Simiyu, naye akakata kamisheni yake palepale, zilizobaki akampelekea Mzee Kibet. Ndivyo mabroka wengi walivyofanya. Walikula kwanza, mengine yakafuata.

Sasa elewa jambo moja. Ardhi ya shamba haiuzwi kwa wanaume wawili kupeana mikono. Lazima muuzaji na mnunuzi wasimame mbele ya bodi, D.O. akiwa na wazee, na watu wa nyumba ya muuzaji waulizwe kama wamekubali. Bodi ikikataa, hakuna mauzo. Watu wengi walilichukulia jambo hilo kama sala ya kufunga mkutano. Mke anaitwa, anainamisha kichwa, mhuri unapigwa, watu wanaenda kunywa chai.

Mama Cherono, mke wa Mzee Kibet, alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, gamubuti miguuni zikiwa bado na matope ya zizini. D.O. akamuuliza bila hata kuinua macho, "Mama, umekubali hii shamba iuzwe?"

Akasimama. "Mimi sijaulizwa."

Mumewe akakohoa. D.O. akainua macho. "Si sasa ndio unaulizwa?" Wazee wawili watatu wakacheka.

"Basi kama sasa naulizwa, nimekataa," akasema. "Ile mabati iko juu ya hiyo nyumba ni ya wanawake. Tulichanga kwa kikundi, tukaezeka nyumba moja, tukaenda ingine, mpaka zamu ikafika yangu. Wenzangu walibeba hiyo mabati kwa kichwa kutoka barabara. Nikiuza, nitawaambia nini?"

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, kisha akaketi. Mabati hayo yalikuwa jasho la wanawake wote wa kijiji, kila mmoja akijua zamu ya nani imepita na ya nani inakuja, na Mzee Kibet alikuwa ameyauza kama yaliota yenyewe. Wale wazee waliocheka hawakucheka tena. D.O. akafunga faili.

Mwanangu, nilimchukia mwanamke yule. Nilitoka mle ndani nikiwa sioni njia.

Halafu vita vikaanza. Baba yako alipoenda kudai pesa, Mzee Kibet akasema atarudisha tu zilizoingia mkononi mwake, za kamisheni tumuulize Simiyu. Na hata hizo zilizoingia mkononi mwake alikuwa ameshazitanguliza kwenye lile shamba lingine. Simiyu naye akasema, "Kazi yangu ni kuleta mnunuzi. Nilimleta ama sikumleta? Mambo ya bibi ya mtu si kazi ya broka." Na ukimsikiliza vizuri, ungeona ana hoja. Alikuwa ametembea, amechakaza viatu, amenunulia watu chai. Lakini fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi zilikuwa sisi. Baba yako alienda kwa chifu akaambiwa arudi wiki ijayo, akarudi akaambiwa hivyohivyo. Mimi nilibaki nikishona vifungo kwa mkono, sindano na uzi, kazi ambayo haikununua hata unga wa wiki. Nyumba imeenda, pesa imeenda, cherehani imeenda.

Sasa sikia.

Siku moja nilisikia watoto wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga wakipiga kelele za furaha. Nikatoka. Mama Cherono alikuwa anakuja kwenye kile kichochoro chetu cha Langas, akivuta ng'ombe kwa kamba. Alikuwa ametoka kwake alfajiri, amempitisha ng'ombe katikati ya mji wa Eldoret, kwenye magari na baiskeli na maduka, akiuliza njia. Ng'ombe alikuwa mwekundu, amenona, kiwele kimejaa.

"Wewe ndio Mama Atieno?"

"Ndio mimi." Sikumpa kiti. Nakwambia ukweli.

"Mzee wangu alikula pesa yenu. Mimi sikula, lakini tunapikia sufuria moja. Huyu atakaa kwako mpaka pesa irudi. Maziwa ni yenu, hiyo sihesabu."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia si yeye aliyekataa? Angekubali tu, saa ile ningekuwa na nyumba yangu naye angekuwa na ng'ombe wake. Alikuwa anatazama chumbani kwangu kupitia mlango uliokuwa wazi. Akaona vipande vya vitambaa, chaki, na alama za miguu ya cherehani zilizobaki kwenye sakafu.

"Cherehani iko wapi?"

"Iliuzwa. Ndio hiyo dipositi."

"Uliulizwa?"

Nikasema, "Niliambiwa."

Akatikisa kichwa polepole, akamfunga ng'ombe kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Nilimletea kiti, nikamwekea chai, tukakaa. Nilikuwa namtazama tu. Mwanamke huyu alikuwa amesema mbele ya D.O. na wazee neno ambalo mimi nilishindwa kulisema chumbani mwangu, mbele ya mume wangu peke yake. Na baada ya kushinda hakwenda kukaa chini ya mabati yake akajifurahisha. Sheria ilikuwa upande wake, deni lilikuwa la mumewe, lakini alimfungua ng'ombe wake bora akaja nalo deni hadi mlangoni pangu. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Wengi hula wakilia. Yeye alikula bila kukunja uso.

Tulipomaliza chai akaniambia nimpeleke kwa Simiyu. Tulimkuta mjini kwenye hoteli ya chai aliyoifanya ofisi, amezungukwa na marafiki. Mama Cherono hakukaa.

"Ulikuja kwangu, nikakupa maziwa ya mursik," akamwambia. "Ukakunywa, ukaomba ingine, nikakuongeza. Ukahesabu mabati, ukapima boma. Na mimi nimesimama hapo nimeshika kibuyu, hukuniuliza kama nataka kuhama. Na ulijua bodi itaniuliza."

Simiyu akacheka akiwatazama wenzake wamsaidie. Wenzake wakatazama vikombe vyao. "Mama, hiyo ilikuwa kazi ya bwana yako."

"Ya bwana yangu nimekuja kuilipia. Ya kwako?"

Nisimseme vibaya Simiyu. Alirudisha. Alirudisha kwa vipandevipande, na mara mbili alijificha chooni mwa hoteli alipomwona baba yako, lakini alimaliza. Miaka iliyofuata nilisikia kwamba kabla hajaonja kitu kwenye nyumba ya mtu anayeuza, anauliza kwanza, "Na mama mwenye nyumba anasemaje?"

Ng'ombe naye alitutia wazimu. Wewe jaribu kufuga ng'ombe Langas kwenye ploti ya kupanga. Mwenye ploti alilalamika, majani nilinunua, na usiku ng'ombe alilia akimtafuta ndama wake mpaka majirani wakagonga kuta. Lakini Atieno alinenepa. Na kule barabara ya Turbo watu walikuwa wamepata mchezo. Kila Mzee Kibet alipopita, mtu alimwamkua halafu akamuuliza, kwa heshima zote, ng'ombe wake anaendeleaje kule Langas. Mzee hakuweza kunywa chai kwa amani. Aliliacha lile shamba lingine, akarudishiwa pesa zake, akauza na magunia kadhaa ya mahindi juu yake.

Wakaja pamoja, yeye na mkewe, kulipa na kumchukua ng'ombe wao. Mzee Kibet akatoa pesa akamnyooshea baba yako. Mama Cherono akamshika mkono kabla haujafika. Akatenga fungu moja.

"Hii ilikuwa cherehani," akasema. "Peana kwa mwenye cherehani."

Baba yako, Mungu amrehemu, alitazama chini. Nilidhani atakasirika. Kisha akalichukua lile fungu yeye mwenyewe, akaja akaliweka mapajani pangu, akasema, "Nilipaswa kukuuliza." Hayo tu. Miaka yote tuliyoishi baadaye, sijui kama aliwahi kunipa zawadi iliyozidi maneno hayo. Nyumba hii ulimozaliwa tuliitafuta tukiwa wawili, na kabla ya kutoa hata shilingi nilimwendea mke wa muuzaji jikoni kwake, nikamuuliza. Na sare za kile kikundi cha wanawake wenye mabati nilizishona mimi, mpaka macho yakakataa.

Jana ulikuja hapa na furaha, ukaniambia umepata nyumba pale Plateau na kesho unampa broka dipositi. Nikakuuliza mke wako anasemaje. Ukacheka ukasema, "Atafurahi akiona."

Sikulala vizuri, mwanangu. Nilisikia kanyagio la cherehani likigonga njiani.

Basi shika haya. Kuuliza si ujinga. Usitoe pesa ya kwanza kabla hujakaa na mke wa anayeuza na watoto wake waliokomaa, ukasikia kwa midomo yao, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Andikianeni mapema, mbele ya shahidi, kwamba mambo yakiharibika kila mtu atarudisha nini. Broka umheshimu, ana watoto kama wewe, lakini kamisheni yake aile bodi ikishakubali. Na likiharibika mkononi mwako, usingoje kukimbizwa. Dawa ya deni ni kulipa, hata kama itabidi uvute ng'ombe katikati ya mji watu wakikucheka. Lakini kabla ya hayo yote, rudi nyumbani leo. Kaa chini, umuulize mke wako. Usimwambie, muulize, na jibu lake likiwa hapana, likae hivyo.

Mungu akupe nyumba ambayo kila anayelala ndani yake alisema ndiyo. Akupe majirani wa kukubebea mabati, na mlango ambao hata mwenye deni anaufikia bila woga. Na huyo mke wako, Mungu ampe mdomo wa Mama Cherono, na wewe akupe masikio ya baba yako.