Pampu Iliyopimwa kwa Mbuzi

Laki moja na arobaini elfu: pampu, na nauli ya Kibondo hadi Kasulu, kwenda na kurudi. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili imekataa kushuka. Bomba la mpira halimo humo, nitaeleza.

Uani tulikuwa na tangi la sato, na juu yake mapipa yaliyopasuliwa kwa urefu, yamejazwa kokoto, yamepandwa chainizi. Maji ya samaki hupanda kulisha mboga, mboga huyachuja, yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Kilichokosekana ni cha kuyapandisha. Kazi hiyo aliifanya mke wangu kwa ndoo, asubuhi na jioni, na akichelewa sato walikuja juu wakitweta.

"Pampu ije wiki hii," aliniambia, "la sivyo nawakaanga na udogo wao."

Ingekuwa rahisi kama mapipa yangekaa chini. Lakini mbuzi wa jirani ni wetu sote wakati wa kula, na ni wake peke yake wakati wa kuuza. Kwa hiyo mapipa yako juu ya nguzo za mkaratusi, kupita mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Nikakata fimbo ya urefu huo, kuanzia usawa wa maji, nikapanda nayo basi la Kasulu.

Mwenye duka, mama mchangamfu, aliniwekea mezani pampu ndogo ya kuzamisha.

"Hii baba inapandisha mita mbili. Imeandikwa kwenye boksi."

"Boksi halijawahi kubeba maji, mama. Lete ndoo."

Akaleta. Tukaiwasha, maji yakaruka hadi mlangoni.

"Umeona!"

"Nimeona maji ya tambarare." Nikasimamisha fimbo, nikainua bomba hadi ncha yake. Maji yakapungua, yakapungua, yakabaki matone. Zile mita mbili ni pale yanapokatia tamaa.

"Na fimbo ni ya nini?"

"Ya mbuzi."

"Yesu wangu! Unapima pampu kwa mbuzi?"

"Ndio waliochora ramani ya bustani."

Akacheka mpaka akakaa. Kisha akatoa nyingine, ya mita nne. Nikainua tena: maji yakatoka unene wa kidole, bila kusitasita. Hapo ndipo tukaanza bei. Alishuka kidogo, akagoma. Nikamwambia basi bomba liende na pampu, maana wameshazoeana. Mteja aliyesubiri balbu akaguna, "Mama, mpe huyu mzee aende, sisi wengine tuna safari." Akanipa.

Jioni ile maji yalipanda hadi kwenye mapipa na kushuka yakiimba. Mke wangu aligeuza ndoo kifudifudi, akaikalia, akawatazama samaki wake kwa mara ya kwanza bila kufanya kazi. "Kumbe ukitaka unaweza," akasema. Sijawahi kusifiwa zaidi ya hapo. Jirani naye alikuja kuona. Nilizima nikawasha, ili aone vizuri.

Ila umeme ukikatika, pampu inanyamaza, na sato hawajui habari za umeme. Umeshakatika, na mke wangu akaigeuza tena ndoo yake, akaanza kuchota. Kwa hiyo naomba ushauri kwenu mnaotumia betri na sola ndogo: ipi inaendesha pampu kama hii hadi asubuhi? Mniambie na bei mliyonunulia, ile ya kweli.